Programu ya matokeo ya "michezo yote": nyota mbili

Kwa soka sina neno. Bao likiingia, simu inalia papo hapo. Kona, kadi, nani kaingia dakika ya ngapi, hadi ligi za madaraja ya chini, vyote vimo. Lakini mimi ni mtu wa wavu, nafundisha wasichana. Mechi ya seti tano unaandikiwa 3-2, basi. Seti ziliisha 25-23 au 25-9? Hujui, na kocha anachotafuta ni hicho hicho. Vikosi hakuna, libero, yule mchezaji wa kulinda tu anayevaa jezi ya rangi tofauti, ndiyo kabisa hawajamsikia. Mpira wa pete wameutupa kwenye "Mengineyo", wafungaji hawatajwi, ilhali wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu kila timu, GS (goal shooter) na GA (goal attack). Wawili tu!

Nilipowaandikia wakajibu kwamba wanaweka kinachotazamwa. Sasa kisichowekwa kitatazamwaje? Mfadhili niliyemwomba jezi alitaka takwimu za wachezaji wangu, nikakosa cha kumwonyesha. Ada ya mwezi lakini tunalipa sawa na watu wa soka, punguzo hakuna.

Kama wewe ni wa soka, pakua. Wa wavu, fuateni kurasa za mashirikisho yenu. Huko angalau seti zinaandikwa.