Fluval Evo ya lita 52 jijini Kampala: tangi zuri, nafasi ndogo

Kwa anayetaka jozi moja ya samaki klauni na matumbawe laini sebuleni, Evo ya lita 52, tangi la samaki wa maji ya chumvi la kampuni ya Fluval, inafaa. Kwa anayetaka tangi la rangi zote, lenye samaki kumi wanaokatiza huku na huku, haifai, na hakuna kifaa cha kuongeza kitakachobadilisha hilo.

Ndani ya boksi mna tangi la kioo lenye urefu wa takriban sentimita 56, mfuniko wenye taa ya LED, pampu moja, sponji, kaboni na vipande vya keramiki vya kukaliwa na bakteria. Vyote vya kuchujia vimefichwa chumba cha nyuma. Hita hamna, skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa povu) hamna, kipimo cha chumvi hamna. Kabla ya kulipa, soma kibandiko cha pampu na cha adapta ya taa: zipo seti za soko la Marekani za volti 120, na pampu ya namna hiyo ikichomekwa kwenye volti 240 za Uganda haimalizi siku. Mezani weka hesabu ya kilo 70 hivi likishajaa. Kabati la ubao wa kubana halibebi uzito huo kwa muda mrefu, hasa likianza kulowa.

Lita 52 ni jina tu. Ukishaweka kilo 5 za mwamba mkavu na kilo 5 za mchanga wa aragonaiti (chokaa ya baharini), maji halisi hubaki kama lita 45. Lita moja tu ikikauka kwa siku mbili tatu, chumvi hupanda kutoka 35 hadi karibu 36 kwa elfu. Kinachokauka ni maji, chumvi inabaki, kwa hiyo jazia maji matupu yaliyosafishwa kila siku. Piga mstari wa kalamu kwenye kioo cha chumba cha pampu, kwa kuwa ni pale usawa unaposhuka; sehemu ya mbele huonekana imejaa hata pampu inapoanza kunyonya hewa.

Maji ndiyo yanayokula pesa kuliko tangi. Maji ya bomba ya NWSC, shirika la maji la taifa, yana klorini, na ya kisima mara nyingi huja na chuma. Ya mvua yanavutia, lakini yakipita kwenye mabati huokota zinki, na zinki, kama shaba, huua kamba na konokono kwa kiasi kidogo sana. Unahitaji mashine ya RO (huchuja maji kwa utando) yenye hatua ya mwisho ya DI (huondoa madini yaliyosalia), na kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini, kinachosoma 0. Mashine hiyo hutaka shinikizo la bomba la baa 3 hadi 4. Maji yanayoteremka kutoka tangi la juu ya paa hayafiki hapo, kwa hiyo weka pampu ya kuongeza nguvu, la sivyo utapata matone na maji mengi ya kumwaga. Chumvi ya akwariamu ni gramu 35 hadi 38 kwa lita. Changanya kwenye ndoo safi pampu ikizunguka usiku kucha, kisha pima kwa rifraktomita (kipimo cha chumvi cha kutazamia mwanga) iliyorekebishwa kwa kimiminika cha 35 kwa elfu. Lengo ni uzito wa 1.025 hadi 1.026 ukilinganishwa na wa maji matupu. Kila wiki badilisha lita 5 hadi 7.

Upande wa joto, Kampala imependelewa. Mtu wa Mombasa huhangaika na mashine ya kupoza; hapa usiku hushuka hadi nyuzi 17 hivi, na hita ya wati 50 yenye thamostati inalishikilia tangi hili kwenye 25 au 26 bila shida. Gulu au Moroto wakati wa kiangazi habari ni nyingine, ila feni ndogo juu ya maji hutosha, mradi uongeze maji ya kujazia. Jambo ambalo wengi hawalihesabu ni mwinuko. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa limepungua kwa takriban asilimia 13, na oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa kiasi hichohicho. Idadi ya samaki unayoisoma kwenye miongozo ya watu wa pwani ipunguze. Elekeza mdomo wa pampu juu ili uso wa maji utikisike, na ongeza pampu ndogo ya mkondo upande wa pili, maana ya kwenye boksi inatosha kuchuja lakini nyuma ya mwamba huacha maji yaliyolala.

Umeme ukikatika, hita si dharura. Oksijeni ndiyo dharura. Pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe ni ununuzi wa kwanza baada ya tangi. Blanketi juu ya kioo huhifadhi joto kwa saa kadhaa. Usiifunge hita kwenye UPS: wati zake 50 zitamaliza betri ambayo ingeendesha pampu ya wati 6 usiku kucha.

Sasa samaki. Lita 45 za maji zinabeba klauni wawili wa Amphiprion ocellaris waliozalishwa kwenye matangi, na gobi mmoja mdogo kama Cryptocentrus cinctus. Basi. Nunua klauni wadogo, mmoja mkubwa kidogo kuliko mwenzake. Mkubwa atakuwa jike na ugomvi utaisha. Wawili wakubwa wakilingana, watachanana mapezi. Gobi aingie kwanza, klauni mwisho, kwa sababu klauni akishajimilikisha kona humfukuza kila anayekuja baadaye. Gobi anaweza kuishi shimo moja na kamba Alpheus randalli, na hapo mwamba lazima ukae juu ya kioo cha chini, mchanga umwagwe baadaye. Mwamba uliowekwa juu ya mchanga huchimbwa na kuanguka.

Klauni wa pwani ya Afrika Mashariki, Amphiprion allardi, ni mzuri ila hukua hadi sentimita 14 na kutawala tangi lote. Kangaja wa bluu, Paracanthurus hepatus, anauzwa akiwa wa sentimita 5, na hufikia 30. Kitatange wengi hudonoa matumbawe. Kikande atakula kamba na konokono wako. Yule mweusi wa madoa meupe, Dascyllus trimaculatus, ni rahisi kwa bei na mkorofi kwa tabia. Kumtoa baadaye ni kubomoa mwamba wote. Anemoni pia iache: hutembea, huingia kwenye pampu, na klauni haihitaji.

Taa ya Evo inatosha kwa wanyama laini wa mwambani kama zoanthidi, uyoga wa bahari na Xenia. Matumbawe magumu ya matawi membamba hayatafurahi chini yake, na tena matumbawe yote magumu yamo kwenye kiambatisho cha pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo kuvuka nayo mpaka kunahitaji kibali.

Mwamba mkavu ununue. Mawe ya chokaa ya Tororo yanashawishi kwa bei, lakini milima ya Sukulu pale jirani inajulikana kwa fosfeti, na fosfeti ni mbolea ya mwani. Mchanga wa ziwani pia hapana. Kwa mwamba mkavu na bakteria wa chupa, subiri wiki 4 hadi 6, mpaka amonia na nitraiti, sumu zitokanazo na uchafu, zisome 0. Chakula kiwe mysis (vijikamba vidogo) wa kugandishwa na punje za samaki wa baharini. Mukene (dagaa wa ziwani) uliosagwa unachafua maji haraka.

Kuna mbadala wa kweli: fundi wa vioo akutengenezee tangi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40, kioo cha milimita 6, lita 96. Mwambie silikoni isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya kuvu. Sura haitapendeza kama Evo, ila maji karibu mara mbili yanasamehe makosa karibu mara mbili, na ningelichagua hilo kwa yeyote anayesafiri mwisho wa wiki.

Samaki anayetoka Mombasa kwa barabara amekaa kwenye kavera (mfuko wa plastiki) zaidi ya siku nzima. Humo hewa chafu imeteremsha pH, na amonia haijawa kali. Ukifungua, pH hupanda na amonia hugeuka sumu papo hapo, kwa hiyo usimzoeze kwa kudondoshea maji ya tangi kwenye kavera kwa saa nzima. Acha kavera ielee dakika 15 joto lilingane, pima chumvi yake, na uwe umetayarisha tangi la karantini (la kumtenga samaki mgeni) la lita 30 lenye chumvi hiyohiyo. Fungua, hamisha mara moja kwa kikombe, na maji ya kavera yamwage chooni.