Albamu 20, mbili kwa mbili: uzoefu wangu wa kuzipambanisha

Kwa miaka kama kumi na tano, mtu akiniuliza ni albamu gani naipenda kuliko zote, jibu langu lilikuwa moja: Exodus ya Bob Marley and the Wailers. Nililitoa bila kufikiri, kama mtu anavyotaja jina la mtaa wake. Kakangu alirudi na CD yake kutoka Mombasa nikiwa darasa la sita, na nyumba yetu hapa Langoni, Lamu, iliipiga mpaka majirani wakawa wanajua wimbo gani unafuata. Mwaka huu nimejua kuwa jibu lile lilikuwa la mazoea tu.

Aliyeniingiza katika jambo hili ni rafiki yangu wa Shela. Alikuwa na programu ya simu inayopambanisha albamu. Unaiandikia albamu unazozijua, nayo inakuletea majalada mawili kwenye kioo, moja kulia na moja kushoto, na swali moja tu: ipi? Ukigusa moja, zinakuja mbili nyingine. Mwisho inakupangia zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Mimi niliingiza 20.

Mimi nashona kofia za mkono. Kutoboa kitambaa na kuzungushia kila tundu uzi ni kazi inayochukua macho na vidole, lakini masikio yanabaki huru, na kofia moja hula wiki nyingi. Kwa hiyo muziki nasikiliza kutwa, tena albamu nzima nzima, kwa sababu siwezi kuweka sindano chini kila dakika tatu nitafute wimbo mwingine. Nilidhani hakuna mtu azijuaye albamu zake kunishinda. Zamani nilizipa alama kwenye daftari, kumi kwa kumi, na karibu zote zilipata nane. Nane haisemi kitu. Zikiwekwa mbili mbele yako, moja lazima iachwe, na hapo ndipo unapoanza kusikiliza kwa kweli.

Pambano la kwanza lilikuwa Exodus na Kaya, na lilinishika pabaya. Albamu hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Marley alishambuliwa kwa risasi nyumbani kwake Kingston mwezi wa Desemba 1976, akaondoka Jamaika, na nyimbo za albamu zote mbili zikarekodiwa London katika kipindi kimoja. Exodus ikatoka 1977, Kaya ikafuata 1978. Kwenye Exodus, upande wa kwanza wa santuri umebeba maneno mazito, wa pili umebeba mapenzi na raha. Kaya ni kama alasiri ya kaskazi, upepo unaingia dirishani na hakuna anayekuharakisha. Nilichagua Exodus. Lakini kidole kilisita, na kusita kule sikukutegemea. Kwa miaka yote sikuwahi kujiuliza kama naipenda kuliko ndugu yake.

Pambano jingine lililonikaa ni Talking Timbuktu ya 1994, ya Ali Farka Touré wa Mali na Ry Cooder, mpiga gitaa wa Marekani, dhidi ya Buena Vista Social Club ya 1997. Cooder yumo katika zote mbili, na ile ya pili ilikusudiwa mwanzoni kuwakutanisha wanamuziki wa Mali na wa Kuba. Wa Mali wakashindwa kufika Havana, na wazee wa Kuba wakaimba peke yao. Nilizisikiliza siku mbili mfululizo kwa kupokezana. Buena Vista inakupokea mlangoni na kukukalisha. Touré hakupokei, anaendelea na gitaa lake na wewe ndiye unayemfuata. Nikamchagua Touré, na sijajuta. Sauti Sol dhidi ya Sauti Sol, yaani Live and Die in Afrika ya 2015 na Midnight Train ya 2020, halikunichukua hata dakika moja: ile ya 2015.

Sasa nifike kwenye taarabu.

Katika 20 zangu sita zilikuwa za taarabu ya pwani yetu na Unguja, na mbili kati yao ndizo zilizonilaza macho: Mtindo wa Mombasa ya Zein Musical Party, iliyotoka 1990, na Jino la Pembe ya Zuhura Swaleh, ya 1992. Mara ya kwanza programu iliponiletea hizi mbili nilimgusa Zein papo hapo. Zein l'Abdin ni mzaliwa wa Lamu, udi wake, ile ala ya nyuzi, tumekua nao, na kwa mtu wa hapa kumwacha ni kama kumpita mzee barazani bila salamu. Dakika chache baadaye moyo ukanisuta. Nilichagua mtu na mji, albamu sikuichagua. Sikuwa nimeisikiliza hata moja kati ya hizo mbili kwa mwezi mzima.

Basi nikarudia, safari hii kwa haki. Asubuhi, nikiwa na kofia mkononi, Zuhura alimshinda Zein waziwazi. Sauti yake ni kali, haiombi ruhusa, na nyuma yake kuna taishokoto inayokimbia kama mvua kwenye bati. Taishokoto ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, ikiwa na vibonyezo kama vya taipureta juu ya nyuzi; safari ndefu ikaileta Mombasa, ikaunganishwa na umeme, na leo ukiniambia taarabu ya Mombasa mimi husikia taishokoto kabla ya chombo kingine chochote. Ngoma zikiingia na mwendo wa chakacha, sindano yangu inaenda nazo. Niliharibu safu nzima ya matundu asubuhi ile, nikaifumua.

Usiku mambo yakageuka. Umeme ulikuwa umekatika, mtaa kimya, punda wawili tu uchochoroni. Nikamweka Zein kwenye hedifoni. Udi wake hauna haraka, na maneno yake yanataka utulivu: beti inapita, unabaki na fumbo lake, na kabla hujalifumbua beti ya pili imefika. Mchana nilikuwa naisikia sauti tu. Usiku nikayasikia mashairi. Zein akashinda.

Hapo ndipo nilipoona udhaifu wa programu hii, nao ni wa jinsi ilivyoundwa. Albamu 20 zinatoa mapambano 190 ukizikutanisha zote. Mimi niliulizwa 62 tu. Nyingine ilizijaza yenyewe kwa kukisia: ikiwa ya kwanza imeshinda ya pili, na ya pili imeshinda ya tatu, basi inahesabu kuwa ya kwanza ingeshinda ya tatu, na haikuulizi. Kwa mizigo kwenye mizani ni sawa kabisa. Kwa muziki si hivyo. Kwangu mimi Zuhura alimshinda Marley, Marley akamshinda Zein, na Zein, usiku ule, akamshinda Zuhura. Ni duara, na duara halina wa kwanza. Programu ingeniuliza mawili kati ya hayo na la tatu ingelitunga.

Ziko programu za namna nyingine zinazohesabu pointi kama za mchezo wa sataranji, kwa njia ya Arpad Elo, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria, ambayo shirikisho la dunia la sataranji, FIDE, lilianza kuitumia 1970. Kila pambano hupandisha na kushusha: ukimshinda mkubwa unapanda sana, ukimshinda mdogo unapanda kidogo. Hizo zinavumilia duara vizuri zaidi, kwa sababu albamu inaweza kushindwa leo na kupanda kesho. Kama unachagua kati ya aina hizi mbili, chukua ya pointi.

Mimi sikupata nafasi ya kuamua kwa utulivu. Nilikuwa kwenye boti ya kwenda Mokowe, nimeanza orodha upya na nimeshafanya mapambano 31, mtandao ukakatika katikati ya mkondo. Uliporudi, yote 31 hayapo. Programu haikuwa imehifadhi chochote ndani ya simu. Niliumia sana, kwa sababu kila jibu kati ya yale 31 nilikuwa nimelisikilizia kwanza. Ukiitumia, itumie mahali penye mtandao usioyumba, au uwe unaandika majibu pembeni.

Nilinunua daftari la kurasa 96, nikachora jedwali, majina 20 kushuka na 20 kwenda kulia, nikafanya mapambano yote 190 kwa mkono. Ilinichukua majuma saba. Sharti langu lilikuwa moja: hakuna kuandika jibu kabla ya kuzisikiliza zote mbili ndani ya siku tatu, na ya usiku isipambane na ya mchana, zote mbili zipewe saa ile ile. Nilijifunza pia kutofanya zaidi ya kumi kwa siku. Kwenye simu nilikuwa nimefika arobaini usiku mmoja, na nilipojichunguza nikakuta kumi na mbili za mwisho zote nimegusa upande wa kushoto. Sikuwa nachagua tena. Kitufe cha sare nacho nilikitumia mara tisa mwanzoni, kisha nikakiacha. Kila sare niliyoirudia ilikuwa na mshindi niliyekuwa naogopa kumtaja.

Kwenye daftari Jino la Pembe ilipata ushindi 17 kati ya 19. Mtindo wa Mombasa 16, ikiwemo ule wa kumfunga Zuhura usiku. Talking Timbuktu 15. Exodus, jibu langu la miaka yote, 14, nafasi ya nne. Nilimwambia kakangu kwa simu akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama niliipiga kwa spika kubwa au hedifoni.

Kilichoipandisha Jino la Pembe sikukijua mpaka nilipoandika sababu mbele ya kila ushindi. Hakuna wimbo ninaouruka. Kwenye Exodus nauruka mmoja, na nilikuwa nauruka tangu utotoni bila kuhesabu kuwa ni kasoro.

Kuna jambo moja ambalo programu hizi haziliwezi kabisa, nalo linaihusu pwani yetu zaidi ya mahali pengine. Zimejengwa juu ya wazo kuwa muziki unakuja kama albamu: jina, jalada, mwaka, nyimbo kumi. Hata neno lenyewe lilianza na santuri za zamani, zile za dakika kama tatu kila upande, zilizofungwa pamoja kwenye vitabu kama vya picha. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928 alirekodi santuri moja moja za namna hiyo. Kisha ikaja kaseti, ambayo Philips waliitoa 1963, na kwetu taarabu ikawa ni kaseti. Mombasa kulikuwa na Mbwana Radio wakirekodi na kuuza, na zaidi ya zile za dukani kulikuwa na zile zilizorekodiwa harusini, zikapokezana mikono, zikanakiliwa nyumba kwa nyumba. Hizo hazina jalada, hazina mwaka, na ukizitafuta kwenye programu hupati kitu.

Sisi tunayo moja, ya harusi ya shangazi yangu. Imeandikwa kwa kalamu ya biki, "Harusi", basi. Nilipoiingiza kwa mkono programu iliiwekea mraba wa kijivu mahali pa jalada, na niliona jinsi macho yanavyoukimbia mraba wa kijivu. Kwenye daftari haikuwa na shida hiyo. Nikaiongeza ya 21, mapambano 20 zaidi, jumla 210. Nilikuwa na hakika itashinda nyingi.

Ilishinda 11. Nilijaribu kuisaidia na sikuweza. Upande A utepe unayumba, sauti ya mwimbaji inazama kila watu wanapokwenda kumtunza, vigelegele vinaifunika fidla kabisa. Upande B ni mzuri mno, lakini ni nusu ya kaseti. Nilikuwa nimeisikiliza peke yangu, na hedifoni, sindano mkononi, kama nilivyozisikiliza zote.

Mamangu alinikuta nikiandika ile 11. Nikamweleza nilichokuwa nafanya tangu mwanzo. Akaivuta redio kaseti karibu, akageuza upande A, akamwita jirani dirishani.

"Kaseti ya harusi haisikizwi peke yako, mwanangu," akasema.

Mwimbaji alipozama, wao wawili waliimba mahali pake, kila neno. Vigelegele nilivyoviandika kama kasoro wakavijibu. Nikarudi kwenye daftari nikaikata ile safu ya 21 yote kwa mstari mmoja, zikabaki 20 na mapambano 190, Zuhura juu. Kwa anayetaka kujaribu: anza na albamu kumi, ni mapambano 45 tu, na daftari linatosha.