Alichomoa Waya Katikati ya Bach: Uzoefu Wangu na Chumba cha Kusikilizia Muziki

Nimejizuia kuandika haya kwa muda mrefu nikisubiri hasira ipoe, lakini kila ninapopita mbele ya mgahawa ule inapanda upya, kwa hiyo naandika nikiwa nayo hivyo hivyo. Krismasi iliyopita, siku chache kabla ya mkesha, sisi wapenzi wa muziki wa klasiki ambao kwa kawaida hukutana sebuleni kwangu Kijitonyama tulikodi chumba cha pembeni cha mgahawa mmoja wa upande wa Msasani. Tulikuwa watu 12. Makubaliano yetu yalikuwa kwamba kila mmoja alete kipande kimoja anachokisikiliza kila Krismasi, akieleze kwa maneno machache, kisha sote tunyamaze tukisikilize hadi mwisho. Meneja alielezwa hivyo wakati wa kulipa kianzio, akatikisa kichwa, akaandika kwenye daftari lake, na hakuuliza swali lolote.

Nianze na haki yao. Spika za chumba kile ni bora kuliko zote nilizowahi kuzisikia Dar es Salaam, na sisemi hivyo kwa kuwapamba. Nyumbani kwangu sauti za chini za okestra huwa mngurumo tu unaotikisa kabati la vyombo. Pale nilisikia upinde ukigusa uzi wa selo, nikasikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuanza. Chai ilikuja moto na viti havikulia mtu anapojisogeza. Kwa saa nzima ya mwanzo nilikuwa najiambia kwamba hatimaye tumepata nyumba yetu.

Daktari wa meno alitangulia na konserti ya Corelli, ile ya 8 katika opus yake ya 6, yaani mkusanyo wake wa sita wa kazi, iliyochapishwa mwaka 1714, mwaka mmoja baada ya mtunzi kufariki, ikiwa na maandishi yanayosema kwamba imetungwa kwa ajili ya usiku wa Noeli. Sehemu yake ya mwisho, ambamo sauti za chini zinashikilia noti moja kama zumari za wachungaji huku fidla zikibembea juu yake, ilitufanya tusahau joto la Desemba lililokuwa nje ya mlango. Baada yake mwalimu wa kwaya alileta Messiah ya Handel, na hapo tulibishana kidogo, kwa sababu alisisitiza kwamba kazi ile ilisikika mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, mbali kabisa na Krismasi, na kwamba ile tunayoiita Aleluya Kuu, ambayo kwaya zetu huiimba kwa Kiswahili Krismasi na Pasaka, inafunga sehemu inayohusu mateso na ushindi wa Kristo, wala haihusu kuzaliwa kwake. Ana haki. Hata hivyo ilipoanza tulisimama wote, naye akiwa wa kwanza kusimama.

Kisha ikafika zamu ya Bibi. Hatuna udugu naye wa damu, lakini ndivyo tunavyomwita, kwa kuwa amepita miaka 70 na ameimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa la Kilutheri kwa muda mrefu kuliko umri wa baadhi yetu. Alileta sehemu ya kwanza ya Oratorio ya Krismasi ya Bach, kazi ndefu ya kwaya, waimbaji na okestra, ile iliyoimbwa Leipzig asubuhi ya tarehe 25 Desemba 1734, ikafuatiwa na sehemu nyingine tano zilizogawanywa katika sikukuu hadi Epifania, tarehe 6 Januari. Alitueleza kwamba alijifunza kuimba wimbo mmoja wa humo kwa solfa akiwa msichana, bila kujua neno la Kijerumani, na kwamba aliusikia ukipigwa na okestra kwa mara ya kwanza akiwa tayari na wajukuu.

Timpani, zile ngoma za okestra, zikaanza peke yake, kama mtu anayebisha hodi, filimbi zikajibu, kisha tarumbeta zikaingia. Muziki ule wa kufungulia ulikuwa wa sherehe tangu kuzaliwa kwake: Bach aliutunga mwaka 1733 kwa siku ya kuzaliwa ya malkia, na maneno ya kwanza yalikuwa yakiziita ngoma zilie na tarumbeta zipigwe, ndiyo maana ngoma zinatangulia. Mwaka uliofuata alibadilisha maneno, akamwachia Mungu sherehe ile ile. Nayaeleza haya kwa sababu ya kile kilichofuata.

Tulikuwa tumeshapita wimbo wa sauti ya pili, ule unaomwita Sayuni ajiandae kumpokea mpenzi wake, na Bibi alikuwa ameufuata wote kwa midomo bila kutoa sauti, huku kidole chake kikihesabu mapigo juu ya meza. Kwaya ikaanza tenzi inayofuata, ya taratibu, ya sauti nne. Haikufika mstari wa tatu. Mlango ulifunguliwa bila hodi, meneja akaingia, kijana wa miaka thelathini na kitu, akapita mbele ya Bibi kana kwamba amepita mbele ya kiti kitupu, akasema kwa sauti ya juu: "Jamani, hizi nyimbo za msiba zinaisha saa ngapi? Wateja wangu wa nje wamekuja kula Krismasi."

Bibi alimjibu kwa upole: "Mwanangu, hii yenyewe ndiyo Krismasi."

Hakujibu. Aliinama nyuma ya kikuza sauti, akachomoa waya wetu, akachomeka simu yake, na kabla hatujainuka kwenye viti chumba kilijaa wimbo wa kengele wa aina ile inayopigwa madukani kuanzia Novemba. Akatuambia kwamba tukitaka tunaweza kuendelea kukaa, na chakula kipo.

Nimehudumiwa vibaya mahali pengi katika jiji hili. Nimengojea chakula saa mbili, nimeletewa bili ya meza nyingine, na yote hayo nimeyasamehe. Hili siliwezi. Mtu aliyelelewa katika nchi hii anaingia chumbani penye mwanamke wa umri wa bibi yake, hamwamkii, hasemi hata samahani, anamkatisha katikati ya kitu alichokibeba moyoni tangu usichana wake, halafu anakiita msiba! Shikamoo haina gharama. Ingekuwa amesimama mlangoni, akaamkia, akasema kwamba wateja wa nje wanalalamika na kutuomba tupunguze sauti, tungepunguza mara moja na leo ningekuwa naandika sifa za spika peke yake. Kwa hiyo nasema kwa wote wanaopenda muziki wa aina hii: msiende pale. Msikodi chumba kile.

Nilimaliza kuyasema hayo, kwa maneno makali zaidi ya haya, tukiwa kwenye foleni ya magari ya makutano ya Morocco, nikiendesha na Bibi akiwa kiti cha mbele. Alinisikiliza hadi nilipochoka, kisha akasema: "Kwa salamu umesema kweli. Lakini kwa msiba, huyo kijana ana masikio. Kwa tuni ile tumewasindikiza wazee wetu wangapi?"

Nilitaka kumbishia, nikashindwa, kwa kuwa alikuwa anasema jambo ambalo mimi mwenyewe nilipaswa kulitambua. Tenzi ile, ambayo ni kipande cha tano katika Oratorio, ina maneno ya Majilio, yanayouliza nikupokee vipi, lakini mahadhi yake ni yale ambayo Walutheri huyaimba Ijumaa Kuu kwa kichwa cha Yesu kilichovikwa miiba. Bach aliyatumia mara kadhaa katika Mateso kwa Mathayo, kazi yake ya Ijumaa Kuu, na hapa, siku ya furaha, kwenye hori, akayachagua yawe tenzi ya kwanza kabisa. Kabla ya yote hayo yalikuwa mahadhi ya wimbo wa mapenzi wa Hans Leo Hassler, uliochapishwa mwaka 1601, juu ya kijana aliyechanganyikiwa kwa ajili ya msichana. Kwa hiyo meneja, ambaye pengine alikulia katika mojawapo ya makanisa yetu kama tulivyokulia sisi, alipitisha sikio mlangoni akasikia kile alichokisikia makaburini, na hakuwa amedanganywa na sikio lake. Watu wa rika langu pia tumezoea kusikia muziki wa ala wa taratibu redioni taifa linapoomboleza, na wengi wetu hatukuusikia siku nyingine. Sikumsamehe, lakini tangu usiku ule neno lake la msiba halinichomi kama zamani. Kinachonichoma ni salamu tu, na waya.

Na kianzio. Nilirudi siku mbili baadaye kudai nusu ya fedha, kwa hoja kwamba tulitumia nusu ya muda, nikaambiwa kwamba chumba tulikuwa tumeachiwa na kwamba sisi wenyewe ndio tuliochagua kuondoka. Mhudumu mmoja, binti mdogo, alinifuata hadi kwenye gari akanipa pole na kuniomba nimfikishie Bibi shikamoo yake. Niliifikisha. Huyo anastahili kusifiwa, na sijui jina lake.

Tarehe 6 Januari tulikutana tena sebuleni kwangu, safari hii watu watano, tukasikiliza sehemu ya sita kama ilivyokusudiwa kusikilizwa siku hiyo. Wimbo wa mwisho, wa 64, unarudisha mahadhi yale yale ya Ijumaa Kuu, lakini sasa yamezungukwa na ngoma na tarumbeta za ushindi, hata mtu asiyeyafahamu anaweza kuyapita bila kuyatambua. Bibi aliyatambua. Aliimba sauti ya pili kwa maneno ya Kiswahili ya Ijumaa Kuu, chini ya tarumbeta zile, naye alikuwa anatabasamu. Redio yangu ilijitahidi, lakini tarumbeta zilipasuka na ngoma zikawa mngurumo wa kabatini, na katikati ya uzuri ule nilijikuta nikizikumbuka spika za Msasani kwa uchungu.

Kwa hiyo hukumu yangu haisimami imara kama ilivyosimama pale juu. Wiki iliyopita nimepiga simu kuuliza kama chumba kitakuwa wazi mwishoni mwa mwaka. Kiko wazi. Nimeuliza kama meneja ni yule yule, nikajibiwa kwamba ndiye, nami nikasema nitapiga tena baada ya kushauriana na wenzangu. Mwalimu wa kwaya hataki hata kusikia. Bibi yeye anataka kuleta Oratorio nzima, sehemu zote sita, na ameniagiza nikienda kulipa niende naye, ili ajitambulishe kwa kijana yule mwenyewe na amngoje amwamkie kabla fedha hazijatoka mfukoni.