Kompyuta yangu ya gemu hapa Chake: nilianza na umeme, kadi ya grafiki ikafuata

Vijana wengi wananiuliza hii kompyuta nimeiungaje na vitu nimevipata wapi, mana hapa Chake Chake duka la kuingia ukachagua madabodi (ile bodi kubwa vipuri vyote vinapochomekwa) na kadi ya grafiki (inayochora picha za gemu) mie sijaliona. Basi naandika yote hapa mara moja.

Ndani mna prosesa (ubongo wa kompyuta) AMD Ryzen 5 5600, madabodi ya aina ya B550 ile saizi ndogo, RAM (kumbukumbu ya muda) mbili za DDR4 8GB kila moja, SSD (ya kuhifadhia mafaili) ya NVMe 1TB, kadi ya Radeon RX 6600 yenye 8GB, pawa saplai (inayogawa umeme ndani) ya wati 550, kesi yenye wavu mbele, na nje yake UPS (boksi la betri la umeme ukikatika). Pamoja na monita ya 1080p imekula kama milioni mbili na kitu. Imepita kaskazi imepita masika yote, na nimeridhika nayo sana wallahi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Video karibu zote za kuunga kompyuta zinaanza na kadi ya grafiki, pawa saplai inatajwa mwisho kwa zile hela zilizobaki. Huku kwetu geuza. Umeme wa Pemba unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, tokea 2010, kabla ya hapo tulikua na majenereta ya dizeli pale Wesha, na wanaokumbuka enzi zile wanajua tumetoka wapi. Lakini bado unakatika, na kukatika kwenyewe kompyuta inastahamili, kinachoua vitu ni namna unavorudi, unawaka unazima unawaka tena na nguvu, taa inakua kali halafu inafifia. Mafriji yetu yote yana friji gadi, kwahio kompyuta ya milioni mbili nayo iwe na chake.

Kwahio kitu cha kwanza nilichochagua ni pawa saplai. Yapo maboksi mitaani yameandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, ukiinyanyua ni nyepesi kama kopo tupu, hizo ziacheni jamani, ikifa inaweza kuondoka na madabodi na kadi. Yangu ina alama ya 80 Plus Bronze, maana yake ikiwa inafanya kazi nusu ya uwezo wake, angalau asilimia 85 ya umeme unaovutwa ukutani unafika kwenye vipuri, unaobaki unageuka joto. Halafu piga hesabu, prosesa imeandikwa wati 65, kadi wati 132, weka na feni na SSD na madabodi, mchezo ukiwa umekolea kompyuta nzima haifiki 300. Kwahio 550 inatosha na inabaki nafasi, na feni yake siisikii.

UPS nayo ina mtego wake. VA (volti mara ampea) na wati (umeme unaotumika kweli) ni vitu viwili, UPS ya VA 650 mara nyingi haibebi hata wati 400, na ukiweka monita juu yake unakaribia ukingoni. Soma wati, usisome VA. Na chukua yenye kurekebisha volteji ndani yake, sio ya kushika chaji tu. Mie siitumii kuendelea kucheza umeme ukikatika, inanipa muda wa kusevu na kuzima kwa amani, na zile dakika za umeme kurudi rudi kompyuta imezimwa, imetulia.

Umeme huohuo ndio ulioamua kadi. Nlikua naitaka sana kadi ya RTX 3060 kwa ajili ya zile 12GB za kumbukumbu yake, lakini ile inavuta wati 170 na bei yake ilikua juu, na kwa monita ya 1080p RX 6600 inanipa ninachotaka. GTA V kila kitu nimepandisha juu na fremu 60 kwa sekunde hazishuki, eFootball ndo usiseme. Kama monita yako ni 1440p au unafanya kazi za kuedit video, hesabu yako itakua nyengine, 3060 ina haki yake.

Mtoto wa ami yangu yupo Dubai, yeye alinishauri nichukue Ryzen 5 5600G, ile yenye grafiki ndani, nianze kucheza halafu kadi nije ninunue baadae. Ushauri mzuri kwa mwenye hela kidogo na 5600 ya kawaida bila kadi haitoi picha kabisa, hilo mjue. Lakini 5600G ina kashe (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) 16MB wakati 5600 ina 32MB, na 5600G inaishia PCIe 3.0, yani ile njia ya kadi kuzungumza na prosesa, na 4.0 ni ya kasi zaidi. RX 6600 inatumia njia 8 tu za PCIe, kwahio nlitaka ipate 4.0 yake kamili, ndo mana hata madabodi za B450 za bei rahisi, zinazoishia 3.0, niliziacha. Angalizo moja, B550 zilitoka 2020 na hii 5600 imetoka 2022, bodi iliyokaa sana dukani inaweza isiitambue prosesa mpaka uapdeti BIOS (programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta), kwahio tafuta yenye kitufe cha kuapdeti kwa flashi bila prosesa.

Wapi pa kununua, hapa nina msimamo. Kitu ambacho hakifi ovyo kinunue mbali, kitu kinachoweza kufa kinunue karibu. Prosesa, RAM, madabodi na kadi vilitoka Bur Dubai, ule mtaa wa makompyuta, vikaja kwenye begi la mtu anaerudi nyumbani. Pawa saplai, SSD na UPS nilichukua Dar kwa duka linalobadilisha, mana waranti ya Dubai ukiwa Chake utaidai vipi? Kesi pia Dar, ni kitu kikubwa na kitupu, kusafirisha kwa ndege ni kutupa hela, imekuja kwa boti mpaka Mkoani.

Zile kompyuta za ofisi zilizotumika, zinazouzwa laki tatu nne, wengi wanataka kuzitia kadi. Nyingi pawa saplai yake ina umbo lake peke yake na plagi zake peke yake, huwezi kuweka ya kawaida. Kwa skuli na kazi za maofisini ni nzuri mno, kwa gemu utakwama.

Joto na chumvi. Kaskazi ikipiga, chumba changu hakina AC, feni ya dari tu. Prosesa nimeiachia feni iliyokuja kwenye boksi, inafika digrii sabini na kitu mpaka themanini na kikomo chake ni 90, kwahio iko salama. Kioo mbele ya kesi kinapendeza lakini hewa haipiti, chukua wavu, feni mbili zivute mbele moja itoe nyuma. Vumbi na unyevu wa bahari vinaganda kwenye ule wavu, nausafisha kila baada ya muda kwa brashi kavu. Masika kompyuta iwashwe hata kama huchezi, ikikaa baridi kwa wiki nzima unyevu unaingia na skrubu zinaanza kutu.

RAM zikiwa mbili zitie tundu la pili na la nne ukihesabu toka kwenye prosesa, halafu ingia BIOS uwashe XMP (mpangilio unaozipa RAM kasi iliyoandikwa kwenye boksi), bila hivo za 3200 zitakwenda taratibu na utafikiri kadi ndo mbovu.

Kilichobaki ni nafasi. GTA V peke yake inapita 100GB na kuidanlodi kwa bando ni maumivu, mie nimekopi folda ya Steam (programu ya kununua na kuendesha gemu) kutoka kwa jamaa yangu wa Wete, Steam ikakagua ikavuta vilivyopungua tu. 1TB imeshaanza kujaa. Madabodi ina tundu la pili la SSD, hilo inshaallah ndo linalofuata.