Maktaba ya async kwa kutafuta kwenye arei: nimeitumia, haya ndo niliyoyaona

Wadau wa JavaScript, hii async ya Caolan McMahon ipo tangu 2010 na wengi mnaiona ya kizamani, ila mimi miezi kadhaa sasa naitumia kazini kutafuta vitu kwenye arei (orodha ya vitu) pale jaribio lenyewe, yaani fankisheni inayokagua kila kitu, linapohitaji kusubiri, mfano kuuliza seva au kusoma faili, na naipenda kwa kweli.

Ilianza hivi. Nilikuwa na linki 812 za picha za bidhaa za mteja, natakiwa nitoe zilizokufa. Nikaandika linki.filter, ndani nikaweka fankisheni ya async yenye await fetch, nikarun, zikarudi 812. Nikarun tena, 812! Kumbe fankisheni ya async inarudisha promisi (ahadi ya jibu litakalokuja baadaye) palepale na filter haina habari ya kusubiri, ikiona promisi inaihesabu ni kweli basi inapitisha kila kitu. Find nayo hivyohivyo, inakupa cha kwanza kwenye orodha hata kama kibovu, na hakuna erro yoyote inayotokea, hapo ndo panapouma.

Nikajaribu Promise.all, inayosubiri promisi zote kwa pamoja, sasa maombi 812 yakaondoka kwa mpigo mmoja, seva ya mteja ikaanza kunirudishia 429 (yaani maombi yamezidi) na picha nzima kabisa zikaonekana zimekufa. filterLimit ya maktaba ya async ndo ikaniokoa, yaani await async.filterLimit(linki, 10, ikoHai), ikoHai ikiwa ndo jaribio langu, zinaenda kumi kumi na majibu yanarudi kwa mpangilio uleule wa arei ya mwanzo. Safi sana.

Ila detect ya maktaba hiyohiyo, ile ya kutafuta kitu kimoja, kuweni nayo makini jamani. Nilikuwa na orodha ya backup, mpya juu za zamani chini, nataka ya kwanza iliyo nzima. Detect ikanipa ya wiki tatu nyuma wakati ya jana ipo na haina shida, kwa sababu yenyewe inazijaribu zote kwa pamoja na atakayejibu "ndiyo" wa kwanza ndo anachukuliwa, nafasi yake kwenye orodha haijalishi. Ukijali mpangilio tumia detectSeries, inaenda moja moja, taratibu lakini jibu ni lile unalolitaka.

Kingine kilinilia jioni nzima: TypeScript yangu ilikuwa inageuza kodi kuwa ES5 (JavaScript ya zamani isiyo na async), basi maktaba ikawa haitambui tena kwamba fankisheni yangu ni ya async, ikakaa inasubiri kolbeki (fankisheni ya kuitwa jibu likipatikana) ambayo haiitwi. Imeganda tu, kimya. Weka target iwe ES2017 kwenda juu au izungushie fankisheni yako asyncify ya maktaba hiyo. Na ndani ya jaribio weka try/catch inayorudisha false, maana linki moja ikirusha erro utafutaji wote unakatika.

Kama shida yako ni kutafuta kimoja tu, maktaba ya p-locate ya Sindre Sorhus ni ndogo na inatosha, preserveOrder yake (kufuata mpangilio wa orodha) ni true tangu mwanzo kwa hiyo ule mtego wa detect haumo, ila concurrency yake (idadi ya majaribio yanayoenda kwa pamoja) haina kikomo mpaka ukiweke mwenyewe, usije ukaangusha seva ya watu. Mimi kwa kuchuja nimebaki na filterLimit, na kwenye backup detectSeries haitoki.