Nilikodi Karavani Kabla ya Kuinunua, na Muuzaji Akaniambia ni Nyumba

Tangu mimi na mume wangu tuanze kuzungumza juu ya kununua karavani yetu ya kwanza, yaani trela ya kulala inayovutwa na gari, tumeshauriwa kuhusu vitanda, majiko, mapazia na paneli za sola, lakini hakuna hata mmoja aliyetutahadharisha kuhusu mtu anayeiuza. Kwa sababu hiyo, uzoefu huu utamhusu yeye kwa sehemu kubwa, na karavani yenyewe itapata nafasi ndogo kuliko inavyostahili. Urefu wake, idadi ya vitanda na ujazo wa tangi la maji ni mambo ambayo kila mtu anaweza kuyasoma kwingine, nami sitayarudia.

Ilikuwa karavani iliyotumika Uingereza, ikateremshwa Mombasa, kisha ikaletwa kwenye bondi moja (yadi ya kuuzia magari yaliyoagizwa nje) hapa Kampala na kuegeshwa katikati ya magari madogo ya Japani kana kwamba imepotea njia. Kwa kusema haki, yapo mambo yaliyonivutia tangu siku ya kwanza. Mlango wake uko upande wa kushoto, kwa hiyo ukisimama kando ya barabara zetu unateremka kwenye nyasi, wala huteremki mbele ya malori, na hilo mnunuzi wa karavani iliyotengenezwa kwa ajili ya Ujerumani au Marekani hatalipata. Umeme wake ni uleule wa majumbani kwetu, na soketi ni zile za pini tatu, ilhali ya Marekani, ambayo hutumia volti 120, ingetulazimisha kununua transfoma kabla hata ya kuchemsha chai. Muuzaji, kijana mwenye maneno matamu na viatu vilivyong'arishwa, alikubali tulipe arbuni, tuikodi kwa safari moja ya majaribio, na kama tutaridhika, fedha za kukodi zikatwe kwenye bei. Mkataba ulisema waziwazi kwamba ubovu wa chombo ni juu ya mwenye chombo, na kwamba sisi tungewajibika kwa uzembe wetu tu. Nilifanya kazi ya uwakala wa forodha kule Malaba, mpakani na Kenya, kwa miaka mingi. Siweki sahihi kabla ya kusoma.

Tulielekea hifadhi ya wanyama ya Ziwa Mburo kwa barabara ya Masaka. Mume wangu, ambaye ni mstaafu wa jeshi na hupenda kupima kila kitu, alikuwa amehakikisha kwamba karavani pamoja na mizigo haizidi asilimia 85 ya uzito wa gari letu, kiwango ambacho Waingereza huwashauri wanaoanza, na kwamba mizigo mizito imepangwa chini na karibu na ekseli, maana karavani iliyolemewa nyuma huanza kuyumba mara tu lori linapoipita. Haikuyumba. Hata Lwera, pale ambapo barabara inakatiza kwenye kinamasi na malori hayampi mtu nafasi, ilitufuata kwa utulivu.

Usiku wa kwanza kule Mburo ndio unaonivuruga akili hadi leo. Kabla ya giza tulisawazisha sakafu kwa vipande vya mbao, kwa kuwa friji ya gesi ya aina hii haipozi vizuri ikiwa imeinama, nasi tulikuwa na maziwa na nyama. Viboko walitoka ziwani na kuja kula nyasi karibu kabisa na kambi, wakivuma pua, na watu waliokuwa kwenye mahema walinyamaza wote kwa pamoja, huku mimi nikiwa nimeketi mezani, nyuma ya dirisha, nakunywa chai ya tangawizi. Asubuhi pundamilia walikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Kama uamuzi ungetolewa saa ile, ningelipa bei yote bila kuomba kupunguziwa hata shilingi moja.

Tuliporudi tulifika Lukaya mchana. Aliyegundua tatizo hakuwa mume wangu wala mimi. Alikuwa mmoja wa wale vijana wanaokimbilia magari na mishikaki ya kuku na gonja, ndizi za kuchoma. Badala ya kunyoosha mshikaki, alinyoosha kidole nyuma yetu. "Mama, gurudumu lako linalala," alisema, "na linatoa moshi." Gurudumu la kushoto lilikuwa limeinama kwa ndani, na dramu ya breki ilikuwa na joto ambalo usingeweza kuliwekea mkono.

Inafaa nieleze jinsi breki za karavani hizi zinavyofanya kazi, kwa kuwa baadaye zilitumiwa kama silaha dhidi yangu. Hazina waya wa umeme wala kanyagio. Gari likipunguza mwendo, karavani hulisukuma kwa mbele, msukumo huo huingiza ndani chuma cha kiungio, nacho huvuta nyaya zinazokaza breki za magurudumu. Maana yake ni kwamba kila tuta kati ya Lyantonde na Mpigi ni breki iliyoshikwa, na kila breki ni joto. Beringi nzima huvumilia joto hilo bila shida, lakini iliyofungwa vibaya haivumilii.

Fundi wa malori wa pale Lukaya aliingiza jeki, akavua gurudumu, akaitazama nati ya katikati, kisha akamwita mume wangu aje aione mwenyewe. Ilikuwa na makovu ya patasi pande zote. Mtu aliifungua kwa kuigonga, akairudisha kwa kuigonga, halafu akapaka grisi mpya juu ya beringi ambayo kwa asili yake imefungwa kiwandani na haihitaji grisi ya mtu. "Hii imefunguliwa juzi tu," fundi alisema, "na aliyeifunga alikuwa na haraka zake." Nilitoa kijitabu cha mwenye karavani wa kwanza, kilichokuwa kimesahaulika kwenye droo, nikamsomea: nati ya ekseli hiyo hutumika mara moja tu, ikishafunguliwa inatupwa, na mpya hukazwa kwa nguvu ya nyutoni-mita 290 kwa spana maalumu inayopima nguvu. Fundi alicheka kwa uchungu. Sisi hatukucheka.

Nikampigia simu muuzaji. Nilitarajia mambo mawili, ama pole, ama visingizio, na kwa umri wangu ningeweza kustahimili chochote kati ya hivyo. Nilimwita kijana yule "mwanangu", nikamweleza kwa utaratibu, nikamwomba atume lori la kubebea magari mabovu kwa mujibu wa mkataba. Akanisikiliza hadi mwisho, akashusha pumzi kama mwalimu aliyechoshwa na mwanafunzi mzito, kisha akasema, "Nyabo, mimi nauza nyumba. Ile ni nyumba. Nyumba haiharibikii barabarani. Mambo ya magurudumu zungumza na fundi." Akakata.

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi, jikoni, kanisani, hata usingizini kwa jinsi mume wangu anavyodai, na kila ninapoyarudia yanazidi kuwa ya ajabu. Mtu huyu, wiki chache kabla, alikuwa amekaa mbele yangu akinieleza kwa ufasaha jinsi alivyoilipia ushuru. Alikuwa amesahau anazungumza na nani. Katika kitabu cha ushuru kinachotumika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, karavani ya kulala au ya kambi iko kwenye namba 8716.10, ndani ya Sura ya 87, ambayo ni sura ya magari na vyombo vya barabarani. Nyumba zilizotengenezwa tayari ziko 94.06, pamoja na mambo ya samani na taa, mbali kabisa. Na Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 inataka trela isajiliwe kama inavyosajiliwa gari. Sijawahi kuona nyumba yenye namba ya usajili mgongoni. Kwa hiyo bandarini na mpakani ilikuwa chombo cha barabarani, kwenye ofisi ya usajili ikawa chombo cha barabarani, na ilipofika Lukaya, ikiwa imebeba vyombo vyangu vya jikoni, ikageuka jengo.

Tulilipia lori wenyewe. Siku iliyofuata nilikwenda kwenye bondi nikiwa na nati ile ndani ya kitambaa. Kijana hakusimama. Alisema tumepita kwenye matuta kwa mwendo wa kasi, kwamba breki zilipata moto kwa sababu ya udereva, na kwamba "wazee wengi" hawajui kuvuta. Mume wangu alivuta mizinga kabla kijana huyu hajazaliwa, lakini alinyamaza, akanishika mkono. Niliweka nati mezani na kuuliza ni matuta gani yanayoacha makovu ya patasi. Aliiangalia, akaisukuma pembeni kwa kalamu, akaendelea kumjibu mteja mwingine kwenye simu. Sikuwahi kudharauliwa namna ile hata na madereva wa malori waliokwama mpakani kwa ajili ya karatasi zangu.

Kwa anayetafakari kama anunue au asinunue, sasa naweza kusema hivi. Kuta, sofa na mapambo havikupi habari yoyote ya maana, vua gurudumu. Mwambie muuzaji anyanyue chombo kwa jeki mbele yako, itazame nati, lizungushe gurudumu kwa mkono na usikilize kama linasaga. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi, ambazo ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa sababu tairi za karavani huzeeka zikiwa zimesimama uani, kashata zake zikiwa bado nzuri za kukudanganya. Nusa chini ya vitanda na kwenye pembe za madirisha, maana maji yakishaingia ukutani hayatoki. Na kama safari zako ni za Kidepo au Karamoja zaidi kuliko Mburo na Jinja, tazama trela za Afrika Kusini zilizojengwa kwa ajili ya njia za changarawe: nyingi hutumia beringi za kawaida zinazofunguliwa, kusafishwa na kutiwa grisi na fundi yeyote, na starehe zake ni chache lakini hazikuachi njiani ukitafuta nati ya kutoka Ulaya.

Baada ya kuandika hayo nilikuwa nimekusudia kumalizia kwa kusema usinunue. Hiyo ndiyo iliyokuwa hukumu yangu kwa wiki nzima, na niliitangaza kwa kila aliyeuliza na kwa wengi ambao hawakuuliza. Gharama ni kubwa, kodi ya ongezeko la thamani pekee ni asilimia 18, kambi zenye umeme na maji kwa ajili ya karavani hapa Uganda ni chache mno, na kwa fedha hizo mtu anaweza kulala kwenye banda zuri la kambi kwa miaka bila kushika jeki. Shemeji yangu anasema tununue hema la kufunga juu ya paa la gari. Labda yuko sahihi. Lakini shemeji yangu hakuwapo Mburo, na mimi, kwa magoti haya, sitapanda ngazi usiku wa manane kwenda kulala juu ya gari huku viboko wakipita chini.

Kwa hiyo nabatilisha nilichosema. Karavani haikunikosea chochote. Ilifungwa vibaya na mtu mwenye haraka, ikauzwa na mtu asiye na adabu, na hata hivyo ilitubeba salama hadi mahali penye watu na fundi. Chombo nakipa alama za juu. Muuzaji simpi hata moja. Najua kuna watakaoniona mpumbavu, lakini nimeandika barua kwake kueleza kwamba bado niko tayari kuinunua hiyohiyo, kwa masharti. Dramu na beringi za pande zote mbili zibadilishwe, nati ziwe mpya kutoka kwenye paketi na zikazwe mbele yangu kwa spana ya kupima. Gharama ya lori la Lukaya ikatwe kwenye bei pamoja na fedha za kukodi. Akikataa, arbuni irudishwe yote, na mkataba ninao. Sharti la mwisho mume wangu analiona la kitoto, lakini sitaliondoa: kwenye risiti, mahali pa maelezo ya bidhaa, kijana yule aandike kwa mkono wake mwenyewe, "chombo cha barabarani, 8716.10," kisha aweke sahihi.