Vitabu vitatu vya kuacha mazoea: nilichokiona, na kinachomfaa mtu wa Tanga

Vitabu vyenyewe ni The Power of Habit cha Charles Duhigg (2012), Atomic Habits cha James Clear (2018) na Dopamine Nation cha Anna Lembke (2021). Vyote nimevisoma kwa Kiingereza, zaidi ya mara moja, huku nikijiuliza swali moja tu: mvuta sigara wa Ngamiani, hapa Tanga, atachota nini humu?

Naanza na Duhigg kwa kuwa ndiye anayekupa kazi ya kufanya. Nadharia yake ni fupi: kila zoea lina kichocheo, tendo na malipo. Visa vya makampuni ya Marekani vilivyojaa katikati unaweza kuviruka. Nenda kwenye kiambatisho cha mwisho, anapolichambua zoea lake mwenyewe la kwenda kula biskuti kila alasiri hadi akanenepa. Hamu ikikupanda unaandika mambo matano: uko wapi, ni saa ngapi, unajisikiaje, uko na nani, na umetoka kufanya nini. Siku ya kwanza huoni kitu, lakini kufika ya tatu au ya nne jambo moja huanza kujirudia. Halafu unajaribu malipo mbalimbali. Leo unakula tunda, kesho unatembea tu, keshokutwa unapiga soga bila kula. Kila ukimaliza unaandika maneno matatu ya kwanza yanayokujia kichwani, kisha unasubiri dakika 15. Hamu ikiwa bado ipo, basi siyo hayo uliyokuwa ukiyatafuta. Yeye aligundua kuwa alichokuwa akikifuata ni soga.

Wengi huharibu hapo kwa kuandika usiku, kwa kukumbukia. Ikifika usiku kila mtu hudai alikuwa na "mawazo". Andika palepale, hata kwenye simu, na usijaribu malipo mawili siku moja, maana hutajua lipi limefanya kazi.

Clear anasomeka kirahisi kuliko wote, na hapo ndipo penye mtego: unakimaliza, unafurahi, hufanyi kitu. Hesabu yake ya kuongeza asilimia 1 kila siku hadi ufike mara 37 kwa mwaka ni sahihi kwenye kikokotoo, ila binadamu si akaunti ya benki. Kilicho bora ni kanuni ya dakika mbili, yaani kuanza tabia mpya kwa kipande kisichozidi dakika mbili, na ile ya kubandika tendo jipya nyuma ya lile ambalo tayari unalifanya.

Kwenye kuacha ndipo ninapogombana naye. Anasema kichocheo kiondolewe machoni na tendo lifanywe gumu. Sawa, lakini huku sigara haikai ndani. Inanunuliwa moja moja kibandani, na kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa kamba kwenye nondo za dirisha, cha kila mteja. Hakuna pakiti ya kuficha. Kichocheo ni chenji iliyobaki baada ya kununua mkate, tena ni wale watu wa barazani baada ya alasiri. Bakuli la peremende utalifungia kabatini. Jirani utamfungia wapi? Clear anashauri ujiunge na kundi ambalo tabia unayoitaka ni ya kawaida. Kwetu, mtu akihama baraza ghafla watu huanza kuulizana nani kamkosea.

Kwa hiyo ushauri wake ushonwe upya. Baraza libaki, vibadilike kiti, saa na kilichomo mkononi. Kaa upande usiotazama kibanda. Lipa kwa simu ili chenji isirudi. Shika kikombe kwa mkono uleule uliokuwa ukishika sigara. Kama kwako kahawa na sigara vilikuwa chanda na pete, agiza chai ya tangawizi wiki za mwanzo. Kuna na jambo ambalo wengi hawalijui: ukiacha sigara, mwili huchelewa kuiondoa kafeini ya kahawa. Vikombe vilevile vya jana vitakukesha na kukutetemesha, nawe utadhani ni hamu ya sigara. Punguza kama nusu.

Zile "siku 21" zinazosemwa zinatosha kujenga zoea zisikuhangaishe. Zinatokana na kitabu cha Maxwell Maltz cha 1960, na zilihusu watu kuzoea sura mpya baada ya upasuaji. Utafiti wa London uliotoka 2009, wenye washiriki 96, ulipata wastani wa siku 66 ili tabia izoeleke, kuanzia 18 hadi 254. Hiyo 254 ni makadirio ya hesabu, kwani utafiti wenyewe ulichukua wiki 12 tu. Tena ulihusu kuongeza tabia, si kuacha. Faraja yake ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Lembke ni daktari wa uraibu, na anaongea kidaktari. Anataka siku 30 za kuacha kabisa, akionya kuwa wiki mbili za mwanzo hali huwa mbaya kabla ya kutulia. (Sura ya kwanza si ya kusomea barazani wala mbele ya wakwe.) Msomaji wa hapa atasema mfungo wa Ramadhani si ndio huo? Sio. Nikotini ya sigara ikirudi kila baada ya futari, ubongo unaanza upya kila usiku. Kinachovunjika ni vichocheo vya mchana tu, na hilo si dogo. Anayetaka kuitumia nafasi hiyo aache na ya usiku tangu mfungo mosi, na aipangie Idi mosi mapema, saa kwa saa.

Sasa kwenye unga (heroini) na pombe kali vitabu vyote hivi huwekwa chini. Lembke mwenyewe anasema siku 30 zake si za mtu ambaye kuacha ghafla kunaweza kumhatarisha. Mlevi wa kila siku akikatisha ghafla anaweza kupata degedege ndani ya saa 48. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili ukiikosa, huua mara chache, lakini aliyepumzika wiki mbili akirudia kipimo chake cha zamani, mwili hauhimili tena. Huyo ni wa kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, pale hospitali ya Bombo.

Kama pesa ni ya kitabu kimoja, nunua Duhigg. Kikiwa cha mtumba, kifungue kwa nyuma kabla hujalipa, uhakikishe kiambatisho kipo. Kurasa za mwisho ndizo za kwanza kubanduka.